Saa Moja na Nusu Majini Mtera, Wakati wa Kipupwe

Baba yangu ana miaka 74. Amechunga ng'ombe, amelima uwele na mtama, amefukua mchanga wa makorongo yaliyokauka ili mifugo ipate kunywa, lakini hadi Julai mwaka huu hakuwa amewahi kupanda chombo cha majini. Kwetu Ugogoni hilo si jambo la kushangaza, kwa kuwa mito yetu mingi hujaa kwa siku chache za masika na baadaye hubaki njia ya mchanga.

Niliposema kwamba nitampeleka bwawa la Mtera, ndugu zangu walihoji kwa nini nimchukue mzee kipupwe, wakati Dodoma nzima inatembea na makoti. Nilikuwa na sababu. Miezi hiyo mvua zimekwisha, bwawa bado limeshiba, na anayewahi alfajiri hupata saa mbili tatu za maji tulivu kabla ya upepo kuamka. Upepo wa kipupwe ukishaanza kuvuma, chombo kidogo hakina kazi pale isipokuwa kurudi ufukweni.

Tuliondoka mjini saa kumi alfajiri, tukapita Mlowa na Fufu gizani, na kulipopambazuka tukawa tunateremka kuelekea bondeni kati ya mibuyu iliyopukutisha majani yote. Mtera ni mpakani, Dodoma huku na Iringa kule, na pale mwaloni utasikia salamu za Wagogo na Wahehe, "mbukwa" na "kamwene", kwa pumzi moja. Mvuvi tuliyepatana naye alimwamkia baba kwa heshima, akamshika mkono na kumkalisha katikati ya boti lake la mbao, akiwa amevaa jaketi la kuokolea nililokuja nalo kutoka mjini. Ninawasihi wote wenye nia ya kwenda: jaketi msiliache nyumbani. Bwawa hili lina viboko na mamba, na chini yake lina miti.

Hiyo miti ndiyo iliyomshangaza baba kuliko yote. Bwawa lilipojengwa miaka ya 1970, msitu wa bondeni ulifunikwa na maji yakiwa yanapanda, na hadi leo vigogo vimesimama majini, vyeupe kama mifupa, kila kimoja kikiwa na mnandi aliyetandaza mabawa kusubiri jua. Mvuvi alizima injini, akachukua kasia, akaeleza kwamba anafuata mkondo wa zamani wa Ruaha, kwa sababu mto wenyewe ungali huko chini na katika njia yake hakuna visiki. Mara mbili tulipotoka nje ya njia hiyo nilisikia kitu kikikwaruza ubao chini ya miguu yangu, taratibu, kutoka mbele hadi nyuma. Maji yaliyopenya kidogo kati ya mbao aliyafua kwa galoni lililokatwa nusu, bila kuacha mazungumzo.

Baba alichovya mkono. "Mbona ya moto?" akauliza. Hayakuwa ya moto, ila hewa ya asubuhi ilikuwa baridi kuyashinda, na ndiyo maana ukungu mwembamba ulikuwa unafuka juu yake. Aliuacha mkono wake mle kwa muda mrefu, vidole vikichora mistari minne nyuma yetu.

Nilimweleza safari ya maji yale kama ninavyoifahamu: kwamba Ruaha Mkuu huanzia katika nyanda za juu za kusini, hupita bonde la Usangu na hifadhi ya Ruaha, ndipo hufika hapa kukutana na mto Kisigo. Kwanza bwawa lilikuwa ghala la maji la kuulisha mtambo wa umeme wa Kidatu, wenye megawati 204, na mitambo ya Mtera yenyewe, ya megawati 80, ikafuata mwaka 1988. Taa ya jikoni kwake kijijini, nikamwambia, ina deni kwa mto huu. Hakujibu. Alikuwa anatazama kigogo kimoja kilichokuwa karibu nasi, chenye alama za maji zilizopangana kama pete, ya juu kabisa ikiwa imetuzidi kimo tukiwa tumeketi.

Nilijua maana yake. Bwawa likijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka hadi mita 690 mitambo haina budi kusimama. Lakini baba hakuhitaji namba hizo. Alimuuliza mvuvi hapo tulipo huwaje mvua zinapokaribia.

"Mzee wangu, mwezi wa kumi na moja hapa unapita kwa miguu. Watu huleta ng'ombe."

Baba aligeuka, akatazama ufukwe, akatazama tena chini kwenye maji ya kijivu, kama mtu anayepima shamba.

"Majani yake mazuri?"

"Mazuri sana, mzee. Laini."

Upepo wa kwanza ulikunja uso wa maji, minandi wakaanza kuruka, na mvuvi akawasha injini. Njia nzima hadi mwaloni, wakati mimi nikiwapigia picha furukombe na kuchagua perege wa kwenda nao nyumbani, wawili hawa, mfugaji na mvuvi, walizungumza habari za malisho yaliyolala chini yetu.