Zizi la Wasirikwa

Jumamosi nilimpeleka mama Hyrax Hill, kilima chenye makumbusho na mabaki ya kale, hapa hapa Nakuru. Vitu vya kwenye makabati aliviangalia haraka akatoka. Kwenye mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa, ndipo alipokaa.

Ni mabonde madogo ya duara, yameota nyasi. Usipoambiwa utayapita tu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba kilimani hapa mwaka 1937 na 1938. Zamani watafiti walidhani watu walilala humo ndani. Sivyo: ng'ombe ndio waliolala shimoni, na nyumba zilijengwa pembeni, mlango ukifungukia zizini.

Mama, mfugaji tangu utotoni, alishuka polepole akasimama kwenye nafasi ya lango, upande wa chini wa mteremko. Akagusa kichuguu kando yake kwa kiatu.

"Hapa walitupa samadi, mwanangu. Mvua ikinyesha, tope linateremka lenyewe, wanalikokota nje."

Ndivyo wanaakiolojia wanavyoeleza pia: samadi, tope na majivu, miaka nenda miaka rudi, mpaka kikawa kilima kidogo. Niliokota chupa mbili za plastiki zilizotupwa mle shimoni. Iliniuma sana. Lile ni boma la watu.