Trei ya mayai ndiyo iliyoiponya miguu yangu

Jumatatu ile nilishuka ngazi tatu za kibaraza chetu hapa Kisongo, nje ya Arusha, kinyumenyume, nimeshika nguzo, mpaka mke wangu akauliza nimeanguka wapi. Sikuwa nimeanguka popote. Ilikuwa wiki ya tatu ya kujiandaa na mashindano ya baiskeli ya kilomita 80, na kila wiki nilikuwa nikipanda mlima wa kwenda Monduli Juu siku tano, zote kwa nguvu zangu zote. Mapaja yalikuwa magumu kama magogo, hata kukaa chooni ilikuwa kazi.

Nililokasirikia mpaka leo ni ushauri. Kaka mmoja tunayemheshimu sana kwenye kundi letu, ameshindana miaka mingi, aliniambia, "Mdogo wangu, hiyo ni asidi imelala kwenye misuli. Ipandie mlima tena, itatoka yenyewe." Nikamwamini. Jumanne alfajiri nikatoka. Kufika Meserani upepo unanipiga usoni, nikajiambia miguu itafunguka mbele ya safari. Pale Monduli mjini haikufunguka, nikaanza kupanda hivyohivyo, gia ya mwisho kabisa ya kupandia. Kwenye kona ya pili paja la kulia likakaza ghafla, likawa fundo moja. Nilishuka, nikalala kwenye majani ya kando ya barabara, siwezi kukunja goti wala kulinyoosha. Mama mmoja aliyekuwa akiswaga punda wa maji alisimama, akanimiminia maji kwenye kikombe cha bati, akanishikia kisigino mpaka mguu ukalegea. Hakuniuliza kitu. Bado namshukuru mama yule. Nikarudi kwa Noah ya abiria, baiskeli juu, elfu tano hivi pamoja na ya mzigo.

Jioni nikanunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, duka la dawa. Bahati nzuri shangazi yangu ni muuguzi, akapita nyumbani, akauona mfuko. "Mwanangu, umekauka maji halafu unameza hivi? Unataka kuziumiza figo?" Ndiye aliyenieleza nilichopaswa kuambiwa siku ya kwanza: ile asidi inayosemwa huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya kuacha mazoezi. Maumivu yanayokuja kesho yake na keshokutwa yake yanatokana na vijeraha vidogo vidogo kwenye nyuzi za misuli, na huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72. Ukipanda mlima tena katikati ya siku hizo, unaumiza pale palipokuwa pakipona. Akasema pia nikiona mkojo wa rangi ya chai, au kigimbi kimoja kimevimba na kina joto, nisingoje, niende hospitali.

Dawa yake ilikuwa kula, kulala, na kukanyaga pedali taratibu sana siku inayofuata mazoezi magumu. Kula na kulala niliweza. Taratibu ndiyo iliyonishinda. Mtu akinipita na baiskeli ya mkaa, damu inachemka, nashtukia namfukuza. Mara mbili nilitoka kwa ajili ya kupumzisha miguu nikarudi nimelowa jasho.

Ndipo nikapata akili ya mayai. Jirani anafuga kuku, na dukani barabarani wanahitaji trei. Nikafunga trei moja kwenye keria kwa mpira wa tyubu, mayai 30, chini nimetandika godoro la zamani. Jaribu kukimbia na mzigo huo! Ukikanyaga kwa hasira unasikia yanagongana. Ikabidi niweke gia nyepesi, nizungushe miguu kama naizungusha kwenye maji, nikipumua kwa pua, dakika 40 kwenda na kurudi. Baiskeli ya mkaa ikanipita, nikaiacha iende. Siku ya kwanza nilivunja mawili, tangu hapo sijavunja hata moja. Na wiki ya pili tu ya mayai niliamka Jumatano nikashuka ngazi nikitazama mbele.

Siti nayo ilikuwa chini. Fundi aliniambia nikae, niweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ulipaswa kunyooka, wangu ulikuwa umepinda. Akaipandisha kama vidole viwili, na maumivu ya mbele ya goti yakaisha ndani ya siku chache. Mazoezi magumu nikayabakiza Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nikirudi tu, kabla ya kuoga, nakunywa uji wa ulezi wenye maziwa, halafu ugali na maharage au dagaa. Saa tatu usiku simu naiweka chumba kingine.

Mashindano niliyamaliza na kundi la mbele, bila msuli hata mmoja kunikaza. Yule kaka wa asidi alikuwa nyuma yangu, akaniuliza nilitumia nini. Nikamwambia mayai, naye akadhani nasema ya kula.

Bado nayapeleka, Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Mwenye duka sasa ananilipa elfu moja kwa kila trei.