Manthali hadi Lukla: nilivyopata umbali na muda wa kweli wa safari

Nilitaka kujua ndege huchukua muda gani kutoka Manthali hadi Lukla, lango la wanaokwenda Everest, na kikokotoo cha kwanza nilichofungua mtandaoni kilinipa dakika 35. Kilichukua mwendo wa jeti, kilomita 800 kwa saa, kisha kikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kati ya viwanja hivi viwili vya Nepal hakuna jeti. Zinazoruka ni Twin Otter, Dornier 228 na Let 410, ndege za pangaboi mbili zenye viti visivyozidi 19. Ikabidi nipige hesabu mwenyewe.

Manthali (msimbo wa uwanja ni RHP) iko 27°23.6′ Kaskazini, 86°03.7′ Mashariki, Lukla (LUA) iko 27°41.3′ na 86°43.9′. Tofauti ya latitudo ni dakika 17.7 (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja, si ya saa), na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, basi hizo ni maili 17.7 bila hesabu zaidi. Longitudo ndiyo inayopoteza watu. Mistari yake hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, hivyo tofauti ya dakika 40.2 niliizidisha kwa kosaini ya nyuzi 27.5, yaani 0.887, nikapata maili 35.7. Nikajumlisha miraba ya namba hizo mbili na kutafuta kipeuo cha pili: maili 39.8, sawa na kilomita 74. Ukisahau kosaini utapata kilomita 81.

Kwa mwendo wa maili za baharini 150 kwa saa, hizo ni dakika 16. Mimi niliandika 20, kwa sababu Manthali iko mita 474 juu ya usawa wa bahari na Lukla mita 2,845. Ndege hupanda sehemu kubwa ya njia, na ikipanda mwendo hupungua. Tena rubani hufuata mapito ya milima, hafuati mstari wa rula.

Dakika hizo 20 ndizo sehemu ndogo kabisa ya safari. Katika misimu ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Novemba, safari nyingi za Lukla huhamishiwa Manthali ili kupunguza msongamano wa uwanja wa Kathmandu, mji mkuu, na kutoka Kathmandu hadi Manthali ni kilomita 132 za barabara yenye kona, mwendo wa saa nne hadi tano. Ndege ya saa 12 asubuhi maana yake ni kuondoka mjini saa saba usiku. (Nepal iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 2 na dakika 45, hizo dakika 45 husahaulika mno.)

Omba mzunguko wa kwanza. Ndege ileile huenda na kurudi: dakika 20 kwenda, 20 kurudi, na kama 10 kila upande za kushusha na kupakia. Mzunguko mmoja unakula saa nzima, kwa hiyo mwenye tiketi ya mzunguko wa nne anaruka saa tatu baadaye, wakati upepo na mawingu vimeshaanza. Njia ya kurukia ya Lukla ina mita 527 tu, imeinama karibu asilimia 12, na mwisho wake ni mlima. Hali ikichafuka, safari husitishwa.

Mizigo yote, pamoja na begi la mkononi, isizidi kilo 15. Wakati wa kurudi, acha siku mbili tupu kabla ya ndege yako ya kimataifa.