Vyandarua 212, watoto 207: nilivyohangaika na hesabu ya shule

Mimi ni mwalimu wa msingi huku Lindi. Mwaka 2013 mpango wa vyandarua mashuleni ulianzia kwetu kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, na mkuu wa shule akanitupia mimi ile kazi, nadhani kwa sababu ya mwandiko wangu tu 😂

Hela ilikuwa ya Wamarekani, ile PMI yao, mpango wa Rais wao wa malaria ambao Tanzania tulikuwemo toka ulivyotangazwa 2005, sisi na Uganda na Angola. Nilijua hela ya nje inakuja na wageni na kamera, kumbe inakuja na fomu bana, kila chandarua na jina la mtoto na sahihi ya mzazi.

Kosa nililifanya mimi. Walipotaka idadi nikanakili ile ya ubaoni ofisini kwa mkuu, ya Januari hiyo. Lori linafika wengine wameshahama, wengine wamehamia, mimi nina karatasi ya 212 na nikaanza kugawa darasa la kwanza na robota lao, watoto 9 wakabaki mikono mitupu wanalia, mmoja kashika lile gunia la robota anaona labda kimebaki ndani. Nikasimamisha zoezi. Wazazi wakaanza, oh mwalimu kauza, we acha tu.

Usiku ule na kesho yake nikakaa na daftari za mahudhurio darasa moja moja, sio ubao tena, nikachora safu tatu: waliopo, waliohama, waliohamia. La kwanza pungufu 9 kweli, ila la tatu vimezidi 4, la tano 2, la saba 8. Kwa hiyo watoto 207, vinabaki 5. Nikawaita wazazi nikawasomea majina hadharani, kelele zikaisha.

Ishu nyingine ni madarasa, maana walipewa la kwanza, la tatu, la tano na la saba tu. Bibi mmoja akanifuata, "Mwalimu, huyu wangu wa la pili mbu hawamuoni?" Nikamwambia bibi subiri mwakani atakuwa la tatu, na leo kaka yake wa la tano anabeba kimoja nyumbani, walale pamoja. Akaguna akaweka dole gumba kwenye fomu badala ya sahihi.

Vyote tulivitoa kwenye mfuko na kuandika jina kwa maka peni, si unajua kwetu pwani chandarua kipya kinavyotamaniwa na wavuvi wa dagaa. Nikasisitiza wakianike kivulini siku nzima kwanza ile dawa ipungue ukali, waliokimbilia kulalia usiku uleule walikuja wanajikuna uso.

Vile 5 nikavirudisha wilayani kwa barua, afisa akacheka kwenye simu, anasema wenzako wote wanaomba nyongeza.

Sasa Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada siku 90, mwalimu mwenzangu wa mkoa mwingine akanipigia anauliza kama vitakuja tena, mi ntajuaje? Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja 2001 asilimia 15 ya bajeti iende afya, wangetimiza tusingekuwa tunasikilizia redio ya Washington. Ila nikamwambia vikija, anza na daftari za mahudhurio, na pedi ya wino nunua mwenyewe kabisa maana hiyo mfadhili haleti.