Plazma, Kitonga na shangazi yangu

Ilianza na kuharisha tu, kitu cha kawaida, nikanywa maji ya chumvi na sukari nikasahau. Wiki mbili hazijaisha vizuri nyayo zikaanza kufa ganzi, nikasema ni baridi ya Uyole, Mbeya, maana mwezi wa saba kule unavaa soksi mbili na vidole bado huvisikii. Ila baridi haikufanyi ushindwe kupanda Hiace. Pale Kabwe konda ananivuta mkono, "panda braza tunachelewa," mguu umegoma kabisa, abiria wakajua nimelewa asubuhi asubuhi.

Hospitali dokta akanigonga goti na kile kinyundo, kimya. La pili, kimya. Wakachukua maji ya uti wa mgongo, protini iko juu, akasema hii ni Guillain-Barré, yaani kinga ya mwili ilipigana na wadudu wa tumboni, ikachanganya mambo ikageukia utando unaofunika neva, mishipa ya fahamu. Shangazi, ambaye alishatuma mtu Tukuyu kwa mzee fulani, akauliza, "sasa dawa yake baba?" Akaambiwa ni ama dripu za kingamwili, ambazo bei yake hata leo sitaki kuitaja, au kubadilishwa plazma, yale maji ya njano ya damu yanayobeba hiyo kinga iliyokosea, na mashine tulipangiwa Dar, tena tuwahi, maana ndani ya wiki mbili za mwanzo ndo inasaidia zaidi.

Tukashuka na ambulensi. Kila baada ya muda nesi ananiambia vuta pumzi, hesabu kwa sauti bila kupumua tena. Tunatoka Mbeya nilikuwa napita ishirini vizuri tu. Kwenye kona za mlima Kitonga, malori mbele malori nyuma, dereva anacheza na breki, nikafika kumi na tatu pumzi ikakata. Nesi akaandika, hakusema kitu. Shangazi akaanza kuhesabu na mimi kwa Kinyakyusa, sijui alidhani zake zitaongezea zangu! Hapo ndo niliogopa kwelikweli, maana huu ugonjwa unapanda, ukifika misuli ya kupumulia unawekewa mashine.

Dar wakaniweka katheta, yaani mrija, nene shingoni. Damu inatoka, inapita kwenye chujio, seli zinarudishwa kwako, plazma inatupwa na badala yake unapewa albumini, protini ya damu. Mtu wa kilo 70 ni kama lita tatu kila awamu, na dokta alipanga awamu tano, leo ndiyo kesho hapana. Lile fuko lilijaa taratibu kitu cha njano kama mafuta ya alizeti, nikalikodolea macho, nawaza humo ndo walimo wanaonila neva. Katikati midomo ikaanza kunichomachoma, kumbe ile dawa ya kuzuia damu isigande inashika kalsiamu, nikachomwa kalsiamu ikatulia.

Shangazi yeye hofu yake nyingine. Akamfuata nesi mpaka mlangoni, "mwanangu, hayo maji ya mtoto wetu mnayapeleka wapi?" Yanachomwa mama. Akagoma kukaa mpaka akaonyeshwa ndoo ya taka yenyewe, ndo akakubali kunywa chai.

Halafu watu wanadhani ukitoka pale unatembea. Wapi! Ile inapunguza adui tu, neva zinajijenga zenyewe na hazina haraka. Pumzi ilirudi mapema, ila miguu ilikuwa fizio, yale mazoezi ya viungo, na fremu ya kutembelea mpaka mahindi ya msimu uliofuata yakavunwa, na vidole vya kushoto mpaka leo havijakaa sawa.