Arsenal Ilirudi Siku Ilipoifunga Norwich

Mashabiki wenzangu wa Arsenal wanapoukumbuka msimu wa 2021/22 huanzia tarehe 26 Septemba, siku tulipoifunga Tottenham mabao 3-1, nami siwalaumu, kwa kuwa mabao matatu ndani ya dakika 34 dhidi ya watani wa jadi hayasahauliki kwa urahisi. Kwangu mimi, hata hivyo, timu ilikuwa imekwisha kurudi wiki mbili kabla ya hapo, katika mechi dhidi ya Norwich ambayo wengi wetu tuliitazama kwa woga, na ambayo ukiitaja leo mtu hukuuliza iliisha ngapi kwa ngapi. Iliisha 1-0.

Ili kuuelewa uzito wa bao hilo moja, inafaa kukumbuka Agosti ile ilivyokuwa. Tulikuwa tumemaliza ligi katika nafasi ya nane kwa misimu miwili mfululizo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka 25 hatukuwa na mechi yoyote ya Ulaya. Tukaufungua msimu ugenini kwa Brentford, klabu iliyokuwa inarejea ligi ya juu baada ya miaka 74, tukafungwa 2-0. Chelsea wakaja kwetu wakatufunga 2-0. Kisha tukaenda kwa Manchester City, kiungo wetu Xhaka akatolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, tukapigwa 5-0. Mechi tatu, mabao tisa ya kufungwa, bao la kufunga hakuna, nasi tukawa mkiani kabisa katika nafasi ya 20. Tottenham nao walikuwa wameshinda mechi zao zote tatu kwa 1-0 na walikuwa kileleni. Rafiki yangu anayewashabikia alinitumia picha ya msimamo wa ligi, akaniandikia kwamba nikiigeuza simu juu chini nitaiona timu yangu ikiongoza.

Nakiri kwamba wiki ile nilitaka kocha wetu, Arteta, afukuzwe, na nilimwambia hivyo kila aliyenipa nafasi ya kusema. Nakiri pia kwamba nilikuwa miongoni mwa waliocheka klabu ilipomsajili Aaron Ramsdale, kipa aliyekuwa ameshuka daraja na Bournemouth mwaka 2020 na kushuka tena na Sheffield United mwaka uliofuata. Nilijiuliza ni busara gani inayomfanya mtu amnunue kipa mwenye historia ya namna hiyo wakati anaye Bernd Leno.

Tarehe 11 Septemba Norwich walikuja Emirates, uwanja wetu, wakiwa katika nafasi ya 19. Tofauti yao ya mabao na yetu ilikuwa sawa, yaani hasi tisa, ila wao walikuwa juu yetu kwa sababu angalau walikuwa wamefunga bao moja. Arteta alimweka Ramsdale golini, na mbele yake akapanga mabeki wanne ambao hawakuwa wamecheza pamoja hata mara moja katika ligi: Takehiro Tomiyasu, aliyekuwa amewasili kutoka Bologna siku ya mwisho ya usajili, Ben White, Gabriel Magalhães aliyekuwa ametoka kwenye majeraha, na Kieran Tierney. Ninapozungumza na wenzangu kuhusu kilichobadilika mwezi ule, wao huwataja washambuliaji vijana, Saka au Smith Rowe, nami huwarudisha kwa watu hawa watano.

Mechi yenyewe haikuwa nzuri, wala sitaki kuipamba. Tulipiga mashuti mengi yasiyolenga popote, na kadiri dakika zilivyosonga niliona ile hofu niliyoizoea ikianza kujengeka uwanjani. Dakika ya 66 mpira wa Nicolas Pépé uligonga mlingoti, ukamfikia mshambuliaji wetu Aubameyang karibu na mstari wa goli, naye akausukuma nyavuni. Hata hapo tulilazimika kusubiri VAR, waamuzi wa video, iamue kama hakuwa ameotea. Jambo lililonishangaza ni dakika zilizofuata, kwa sababu katika misimu miwili iliyotangulia timu yangu ilikuwa na tabia ya kufunga bao kisha kuanza kutetemeka, beki akimtazama kipa na kipa akimtazama beki. Safari hii niliona kipa anayepiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho, akiwapanga mabeki wake kwa mikono. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa sikuruka. Nilikaa nikihesabu kwamba hatukuwa tumefungwa.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Burnley ugenini, uwanja ambao timu laini hutoka na majeraha. Martin Ødegaard alifunga kwa mpira wa adhabu dakika ya 30, na katika kipindi cha pili mwamuzi akawapa wenyeji penalti, kisha akaifuta baada ya kuitazama upya kwenye runinga ya pembeni. Tukashinda 1-0 tena. Wale waliolalamika kwamba hatuchezi vizuri walikuwa na haki yao, ila mimi sikuwa tayari kuwasikiliza, maana kwa aliyetoka kufungwa tano bila majibu, bao moja linalolindwa kwa dakika sitini ni mali.

Baada ya hapo ndipo ikaja Tottenham, na yanayojulikana yakatokea: Smith Rowe, Aubameyang, Saka, vijana wawili, Smith Rowe na Saka, waliolelewa Hale End, akademia yetu, wakiwa ndio waliotawala jioni ile. Tuliwapita kwenye msimamo siku hiyo hiyo kwa wingi wa mabao ya kufunga. Simu yangu haikupokea picha yoyote.

Kuanzia Norwich hadi tulipoifunga Watford tarehe 7 Novemba tulicheza mechi nane za ligi bila kupoteza, tukakusanya pointi 20 kati ya 24, na nyavu zetu zikatikiswa mara nne tu. Si zote zilikuwa za kujivunia. Dhidi ya Crystal Palace tuliokolewa na Lacazette katika dakika za nyongeza, tukaambulia sare ya 2-2. Lakini ikiwa nitachagua picha moja ya kipindi hicho kizima, nitachagua mpira wa adhabu wa James Maddison huko Leicester tarehe 30 Oktoba. Ulikuwa unakwenda kona ya juu, na mimi nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa, Ramsdale akaruka akaugusa ukagonga mtambaa panya, kisha akainuka na kuuzuia tena uliporudishwa golini. Tulishinda 2-0. Usiku ule nilimwandikia kila mtu niliyewahi kumwambia kwamba usajili wa kipa huyu ni kichekesho, nikawaomba radhi mmoja mmoja.

Tarehe 20 Novemba Liverpool walitufunga 4-0 Anfield, na simu ikaanza kulia upya. Nilisubiri kuona kama Agosti itarudi. Jumamosi iliyofuata Newcastle walikuja Emirates, kipindi cha kwanza kikaisha 0-0, nikahisi tumbo likinikaza kama zamani. Saka akafunga mapema katika kipindi cha pili, kisha akatoka akichechemea. Martinelli aliyeingia badala yake hakuwa amekaa uwanjani hata dakika chache alipoufukuzia mpira mrefu wa Tomiyasu uliopita juu ya mabeki, akaupiga kabla haujatua, ukampita kipa.