Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwafuata Wagonjwa Majumbani

Mimi ni sista na muuguzi katika hospitali ya misheni iliyoko kijijini, na kila Jumatano siingii wodini, kwa kuwa siku hiyo tumeitenga kwa wagonjwa walio majumbani.

Saa 12 asubuhi, baada ya misa, nilipanga mkoba: mashine ya kupima presha, shashi, glavu na chupa mbili za morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, ambazo hazitoki kabatini mpaka watu wawili watie sahihi daftarini. Saa 1 na nusu nilipanda pikipiki pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, mama ambaye bila yeye nisingejua hata mlango wa kubishia hodi.

Saa 3 tulifika kwa babu mmoja ambaye presha yake imekataa kushuka. Siku hiyo ilisoma 170 kwa 100, na daktari alikuwa amekwisha kuniagiza nimwongezee dawa ya pili. Kabla ya kumpa, nilimwomba bibi atuletee dawa zilizomo ndani. Alileta kopo la majani ya chai, tukalimimina juu ya mkeka, tukahesabu vidonge 23, ilhali babu alipewa 30 siku 28 zilizopita, ameze kimoja kila siku.

"Ninakunywa kichwa kikiniuma, mwanangu," alisema, akishangaa kwamba nauliza jambo lililo wazi.

Wodini tungeandika kwamba dawa haimsaidii. Nilimweleza kwamba presha hupanda bila kuuma popote, kisha tukakubaliana kopo likae kando ya redio, kwa sababu taarifa ya habari ya asubuhi haijawahi kumpita. Dawa ya pili ilirudi mkobani.

Saa 5 tulimwona kijana wa kifua kikuu aliyeanza juzijuzi matibabu ya miezi 6, akaacha baada ya kuona mkojo wa rangi ya chungwa na kudhani ni damu. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hufanya hivyo, na tulipaswa kumwambia siku ya kwanza. Kosa lilikuwa letu. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake.

Saa 8 mchana tulikuwa kwa mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Morfini hutolewa kila baada ya saa 4, kabla maumivu hayajarudi, lakini binti yake alikuwa akisubiri mpaka mama apige kelele, kwa kuogopa kwamba chupa ile ndiyo itakayomuua. Tuliketi kizingitini, nikamwonyesha namna ya kuipima, nikamkumbusha dawa ya kulainisha choo, kwani morfini hufunga tumbo, na nikamwandikia saa kwa kalamu nene: 12, 4, 8, 12, na 4 ya usiku. Baada ya muda mama aliomba ageuzwe aelekee mlangoni, akauliza ni nani aliyefunga mbuzi juani.

Watu hudhani mmisionari huanza na sala. Mimi husubiri niombwe, kwa maana maumivu makali hayamwachii mtu nafasi ya kusikiliza. Safari hii aliomba mwenyewe, tukasali Baba Yetu.

Saa 12 jioni nilirudisha chupa iliyobaki na kutia sahihi. Saa 4 usiku simu yangu ilibipu mara moja, kama tulivyoagana na binti: dozi ya mwisho ilikuwa imetolewa.